Kabla Hamjatukatalia Nyumba za Wazee

Nakumbuka mchana ambao nyanya yangu alihama kutoka kwa mwanawe akiimba. Aliacha nyumba ya baba yangu kule Sirisia, yenye mabati mapya na kitanda cha mbao, akavuka kijito akiwa amejitwika godoro, akaenda kuishi na mjane mwenzake, Nabalayo, katika nyumba ya udongo. Hakuna aliyemfukuza.

Mwanangu unayenisoma, acha nikueleze kilichonikumbusha. Hapa mtaani kwetu Kitale kuna mpango wa kujenga nyumba ndogondogo za wazee kwenye shamba lililo nyuma ya kanisa. Hazitakuwa na ngazi. Kutakuwa na jiko la pamoja na muuguzi wa mchana. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mwenyekiti wa mtaa, Wanyonyi, alituita tutoe maoni. Nilifika mapema nikaketi mbele, kwa sababu chumba kimoja pale nakitaka mimi.

Hofu za majirani nilizisikiliza zote, na sizidharau. Mama mmoja alisema maji ya mfereji hayatutoshi hata sasa, na hilo ni kweli. Fundi wa pikipiki akasema, "Ati tutakuwa na matanga kila Jumamosi. Watoto watazoea vilio, bana." Mwingine akanong'ona kwamba mzee aliyetupwa na watoto wake huwa na uchungu, na laana ya mzee mwenye uchungu huwapata hata majirani wasiomkosea. Wengi waliguna kukubaliana naye.

Kisha akasimama Barasa, kijana anayeuza simu. "Lakini wazee si wako na watoto? Wewe, Mama Naliaka, si binti yako amejenga Bungoma? Si uende tu ukae kwake?"

Wamama walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mwacheni," mmoja akasema. "Huyu hajaoa bado."

Unajua, kwetu Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, wala hawaketi chumba kimoja. Nami mtoto wangu ni binti huyo mmoja tu, sina mwana wa kiume. Mwaka jana goti liliponisumbua, alinichukua akanitunza kwake licha ya mwiko huo. Mkwe wangu ana heshima kupita kiasi. Alikuwa akila chakula chake stoo, katikati ya magunia ya mahindi. Nikikohoa, anatoroka kwa mlango wa nyuma. Asubuhi moja nilimkuta sebuleni bila kutarajia, akaruka dirishani, mwalimu mzima wa sekondari, na tai shingoni. Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma. Lakini nilirudi Kitale wiki hiyohiyo, ili mtoto wa watu apate kuketi kwenye kiti chake mwenyewe.

Basi pale mkutanoni nikawasimulia habari za nyanya. Baba alimfuata kesho yake akiwa na kuku kwapani, akidhani kuna kosa la kuombea msamaha. Akamkuta anapepeta wimbi, ile nafaka ya uji.

"Mama, tumekukosea nini? Watu watasema nimekufukuza."

"Wafula, kwako nashiba," nyanya akasema. "Lakini wewe unaenda shambani, mke wako anaenda sokoni, watoto wako shule. Mchana kutwa naongea na mbuzi, na yule mbuzi hamjui mtu hata mmoja wa enzi zangu."

"Basi turudi nyumbani."

"Umewauliza majirani wote kwa nini nimeondoka. Mimi umekuja kuniuliza mwisho."

 Baba alipogeuka aende, Nabalayo akaita kutoka ndani, "Wewe nenda, lakini kuku umwache."

Mkutano wote ulicheka. Wanyonyi akafuta macho, akauliza, "Sawa, mama. Na hayo matanga?"

"Matanga yangu yatakuwa Sirisia," nikamwambia. "Kelele zote zitakuwa huko. Hapa nataka kuishi."

"Hapo umetuweza," Barasa akasema, akaketi.

Mwanangu, ukitaka kupanga maisha ya mzee, anza na mzee mwenyewe. Kumlisha na kumvisha ni vizuri, lakini muulize pia anataka kuzungumza na nani mchana nyumba ikiwa tupu. Baba alijifunza hivyo. Tangu hapo, kila siku ya soko alipitia kwa wale wajane wawili, na alirudi nyumbani na vichekesho ambavyo mama alimkataza kuvirudia mbele yetu. Na ukiwa na wasiwasi juu ya majirani wanaokuja, usiseme pembeni. Simama useme mbele yao, kama yule mama wa maji, ili wapate nafasi ya kukujibu. Mungu akupe uzee wenye meno ya kuchekea, na mtu wa kucheka naye.

Jumapili ijayo tunakutana tena. Mwenye shamba, anayetaka kujenga nyumba hizo, amekubali kuchimba kisima, lakini hajasema kama mfereji mmoja wa kuchotea maji utawekwa nje ya ua kwa ajili ya mtaa. Wanyonyi anasema mpaka jibu hilo lije, hawezi kuunga mkono ujenzi. Mpaka leo halijaja.