Mgongo wa Godelieve

Kwa miaka tisa Godelieve, mkimbizi kutoka Burundi, alimbeba mwanawe Hardy mgongoni kwa kitenge, maana miguu ya mtoto haikuwa na nguvu. Alimbeba hadi shuleni, bombani, kanisani, kambi nzima ya Kakuma, na aliyethubutu kumpa pole alikodolewa macho. Kisha shangazi mtu akampeleka Hardy ng'ambo kutibiwa. Faili ya mama ya kuomba kumfuata ilikwama.

Huu ni mwaka wa pili tangu mtoto aondoke, na mgongo haumpi raha. Huko Lodwar, daktari wa viungo alimpitishia kidole kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, toka shingoni hadi kiunoni. Hakuna iliyoteguka. Ila misuli ya kiuno ilikuwa imekaza kama kamba ya mzigo.

"Mama, unatembea umeinama. Siku hizi unabeba nini?"

"Sibebi kitu, daktari."

"Basi simama wima, urudishe mabega nyuma."

Godelieve akaanza kujinyoosha. Papo hapo mikono yake ikaenda nyuma yenyewe, ikakutana chini ya kiuno, viganja vikitazama juu. Akainama tena upesi.

"Siwezi," alisema. "Ataanguka."