Alasiri Niliyotangaza Ushindi

Juzi nilikuwa kwenye kochi langu, ambalo linanijua kuliko ndugu zangu, nikimsikiliza mtaalamu wa runinga akieleza kwamba vita fulani vimefaulu kwa sababu hasara ilikuwa ndogo. Nilizima kwa hasira. Kusema kweli, utaalamu huo mimi niliuanza zamani, nikiwa mtoto kule kijijini kwetu Kola.

Siku hiyo mwethya, kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi, kilikuwa kikichimba mitaro kwenye shamba letu. Udongo mbichi ulinukia, na mimi nililinda redio na sufuria ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, iliyokuwa ikitokota.

"Ndinda, umeketi hapo kama chifu," wakanitania.

Redio ikasema jeshi letu limeteka mji huko Somalia na kupoteza askari mmoja. Kwangu hayo yalikuwa matokeo ya mpira. Nikakimbia mpaka mtaroni.

"Tumeshinda! Kwetu amekufa mmoja tu."

Wakapiga vigelegele, isipokuwa Mama Kyalo, ambaye mwanawe alikuwa huko vitani.

"Mmoja nani?" akaniuliza.

"Mmoja tu, mama," nikajibu, nikimwonyesha kidole kimoja, maana nilidhani hesabu imemshinda.

Akaacha jembe pale pale, akaenda nyumbani kungoja simu. Mwethya hauachwi kabla kazi haijaisha, lakini hakuna aliyemwita arudi.

Kyalo alipiga simu Jumapili, akiwa mzima. Tulimshukuru Mungu kwa sauti, mimi nikiwa mbele ya wote. Yule mmoja alikuwa wa mama gani, hatukuuliza.