Siku Ambazo Mama Alikosa Kazi

Mkataba wangu uliisha Jumatatu. Jumanne binti yangu akarudi kutoka shule akanikuta jikoni, hapa Syokimau, nikikatakata sukuma wiki saa tisa mchana. Aliangusha mkoba mlangoni akapiga makofi. "Mama, leo hukuenda kazi! Na kesho?" Nikamwambia kesho pia niko. Akarukaruka mpaka jirani wa chini akatugongea dari. Furaha ile, rafiki yangu, ilinichoma. Mtoto hakukosea. Ni vile tu naijua hiyo furaha, niliwahi kuwa nayo mwenyewe, na ilinifanya nitende jambo ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini sikumwambia mtu.

Wacha nikupeleke Athi River ya wakati huo. Tulikaa chumba kimoja, mimi na mama, kwenye ploti ya mabati yenye milango kumi na bomba moja. Vumbi la viwanda vya simiti lilitua kwa kila kitu, nguo kwenye kamba, majani, hata nywele zetu. Ulianika shuka nyeupe ukaanua ya kijivu. Baba hakuwepo na hakuna aliyemtaja, basi hata mimi simtaji.

Mama alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha kuosha chupa. Kila asubuhi wanawake walijipanga nje ya lango, nyapara akatoka na kalamu sikioni, akaanza: wewe, wewe, wewe, na wewe mwenye kitambaa. Akishapata idadi anayotaka, lango linafungwa, na aliyebaki nje anarudi kwake. Hakuna kuuliza kwa nini. Jambo moja tu ndilo lililojulikana na wote: usije bila gambuti, vile viatu virefu vya mpira, maana sakafu ya ndani ilikuwa maji matupu na vipande vya chupa. Bila gambuti nyapara hakutazami mara mbili. Mama alizisugua zake kila jioni kama mtu anayesugua sufuria ya wageni, akaziweka kando ya mlango.

Mimi nilikuwa na miaka minane. Saa saba tulitoka shule kwenda kula nyumbani, na nikifika kwenye kona ya ploti ndipo nilipojua siku yangu itakuwaje. Nikikuta kufuli, basi mama amechukuliwa. Nilienda mlango wa pili kwa jirani yetu aliyeuza makaa, akanipa ufunguo, nikala ugali wa jana na chai iliyopoa, nikafunga, nikarudi shule. Lakini nikisikia mchi kwenye kinu, we! Nilikimbia mpaka soksi zikashuka. Mchi ulimaanisha mama hakuchukuliwa, na mama asipochukuliwa alipika muthokoi.

Muthokoi si chakula cha mtu mwenye haraka. Mahindi unayanyunyizia maji, unayatwanga mpaka ganda litoke, unayapepeta, halafu unayachemsha na kunde saa baada ya saa, maji yakikauka unaongeza. Nani mwenye kazi atapika hicho? Mama alikuwa na nafasi siku alizorudishwa tu, akitwanga leo ya kula kesho na kubandika ile aliyotwanga juzi. Kwa hivyo harufu ya muthokoi kwangu ilikuwa sikukuu. Jioni alikaa kwenye kigoda, mimi katikati ya magoti yake, akanisuka nywele huku akiimba kwa Kikamba nyimbo za kwao milimani. Macho yake yalikuwa mekundu siku hizo. "Ni moshi," alisema. Nikamwamini, na jiko letu lilikuwa la makaa, ambalo likishashika halina moshi. Mtoto huona anachotaka.

Halafu ikaja habari kwamba kiwanda kitaandika wanawake wachache kazi ya kudumu. Nyapara alimwambia mama aje Alhamisi, asikose, jina lake limetajwa. Jirani wa makaa alifurahi kuliko mama mwenyewe. "Dada, ukiandikwa utalala ukijua kesho utakula nini," akasema. Mama akawa anatabasamu peke yake akifua. Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba mama hatabaki nyumbani tena hata siku moja. Jumatano jioni alipoenda bombani, nilichukua gambuti zake nikazipeleka nyuma ya tangi la maji, nikazifunika na gunia kuukuu la makaa.

Asubuhi alizitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya karai. Aligonga kila mlango wa ploti. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka utosini. Akanifunua. "Umeona gambuti zangu?" Nikatikisa kichwa. Akatoka na malapa miguuni, mbio, na leso ikimfunguka njiani.

Saa saba nilisikia mchi. Nikwambie ukweli hata kama unaniaibisha: nilikula sahani mbili, na sijawahi kula muthokoi tamu kama ile. Jioni nilizirudisha gambuti mahali pake. Mama alipoziona alipiga nduru mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Wakakubaliana kwamba mwizi wa kurudisha hajawahi kuonekana Athi River, na kwamba hilo si jambo la mwanadamu.

Shule zilipofungwa, mama alikunja nguo zangu kwenye kiondo, tukapita Kyumbi, tukapanda mpaka kwa nyanya, huko milimani Machakos. Nilidhani ni likizo. Jumapili akaniaga, akaondoka peke yake. Vibarua vilikuwa vimepungua sana, siku za kurudishwa zilikuwa nyingi kuliko za kuchukuliwa, na hakuweza tena kulisha watu wawili. Nilikaa kwa nyanya miaka minne. Mama alikuja mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, na Jumapili baada ya kanisa akaondoka. Nyanya alikuwa mwema, na muthokoi alipika karibu kila siku. Nilikula nikiangalia njia. Nilijua kabisa ni nani aliyenifikisha hapo.

Baadaye kile kiwanda kilifungwa, na walioandikwa wakarudi nyumbani kama wengine. Wakati huo mama alikuwa ameshahamia soko la Machakos, anauza ndengu na mbaazi, na maisha yakamnyookea kidogo. Ndipo ushuhuda wake ukazaliwa. Kila ukiitishwa ushuhuda kanisani, mama husimama na kusema jinsi Mungu alivyoficha gambuti zake, asifungwe mahali pasipodumu. Wamama huitikia amina kwa nguvu. Mimi huinama nikatazama viatu vyangu.

Jumamosi baada ya mkataba kuisha nilipitia Athi River nikienda kumwona mama Machakos. Ploti yetu haipo, pamejengwa ghorofa. Lango la kiwanda halipo pia. Sasa mtu huambiwa kazi imeisha kwa ujumbe kwenye simu, kama nilivyoambiwa mimi, umekaa sebuleni na hakuna anayejua. Wanawake wa lango walirudi nyumbani pamoja, wakimtukana nyapara njia nzima, wakafika wakiwa wamecheka kidogo. Mimi nilikaa siku mbili kabla ya kumwambia hata dada yangu wa kanisani. Nikiulizwa nakosa nini cha zamani, nakosa ile kelele yao.

Nilimkuta mama uani, anachambua ndengu kwenye ungo. Nikamweleza habari za kazi. Akasikiliza, akapuliza makapi, akaanza: "Usiogope, mwanangu. Mungu yule aliyeficha gambuti zangu..."

"Mama," nikasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeficha gambuti."

Aliweka ungo chini. "Uliweka wapi?"

"Nyuma ya tangi."

"Nilitafuta nyuma ya tangi."

"Nilizifunika na gunia."

"Aii!" Akacheka, akajifuta macho na leso, akacheka tena. "Sasa kanisani nitawaambia nini hawa watu?" Kisha kicheko kikaisha. Akaniangalia. "Ulikuwa umekasirika na mimi?"

"Hapana. Nilitaka ukae nyumbani."

Aliokota ndengu iliyoanguka chini. Nilijua anahesabu kile nilichohesabu mimi utoto wangu wote: lango, likizo, kiondo, ile Jumapili. Nilikuwa naogopa sana, mtu mzima mwenye nyumba na mtoto, naogopa mama yangu.

"Na mimi nikakuleta huku," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia tu, 'Mama, leo usiende'?"

"Ungebaki?"

Alichukua ungo wake tena, akauweka magotini. Sikutaka anidanganye.

"Hapana," akasema. "Ningeenda. Lakini ningejua kuna mtu ananitaka nyumbani. Mimi miaka hiyo nilidhani hakuna aliyenitaka, nyumbani wala langoni."