Mume wa Mstaafu

Kwa miaka thelathini na moja mke wangu aliandikwa chini ya jina langu katika kila karatasi iliyoingia nyumbani kwetu, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza anaonaje. Sikuona kama kulikuwa na la kuuliza. Maji hukaa kwenye mtungi, mke hukaa mstari wa pili.

Tuliishi Kamina, si mbali na stesheni. Babu yangu alitoka Maniema, upande wa mashariki, na biashara zake, akafika hapo, akachoka, akajenga. Nilirithi duka na uchovu wake. Niliuza samaki wakavu wa Kinkondja, waliokuja kwa baiskeli au kwa treni kupitia Bukama, na mji mzima uliniita patron, yaani bosi, hata wale walionunua kwingine. Mke wangu alikuwa binti wa wakulima wa Kiluba, Mkatoliki wa kuamka na kengele. Alifanya kazi ya ukunga kwa masista miaka ishirini na minane. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na pensheni iliyotoka kwao Ulaya na kupitia nyumba yao ya Ndola, Zambia. Saa ilisimama mwaka uleule. Pensheni haikusimama.

Nilikuwa nikiitania hiyo pensheni. Niliiita sabuni ya mama, kwa sababu nilidhani inatosha kununua sabuni.

Kisha vita vikarudi mara ya pili. Ndege za Base, kambi ya jeshi la anga, zilipita juu ya mabati yetu tangu asubuhi, na kila siku mtu mmoja alijua kwa hakika kwamba mapigano yamefika mahali fulani karibu zaidi kuliko jana. Baiskeli za Kinkondja zikapungua, zikaisha. Niliendelea kufungua duka saa moja kamili, nikapangusa mizani, nikakaa. Binti yetu, aliyeolewa Ndola, aliandika: njooni wote wawili, msingoje. Mke wangu aliisoma barua mara moja tu, akashusha masanduku.

Tulipanda treni hadi Lubumbashi kuomba visa. Kwenye ofisi ya majirani zetu Wazambia tulipokewa na karani mwembamba mwenye sweta, aliyezungumza Kiswahili chetu cha mjini, cha njo badala ya ndiyo, bila haraka.

"Kuko visa tatu," akasema. "Ya kutembea, ya biashara na ya pensionné. Munataka gani?"

"Ya biashara," nikasema, kabla hajafunga mdomo.

"Biashara ya nini, baba?"

"Samaki."

"Iko wapi, hiyo samaki?"

"Kinkondja."

Alinitazama kwa upole. "Na Kinkondja leo, njia iko?"

Nikaomba atueleze ile ya kutembea.

"Siku makumi tatu. Kisha munarudia."

"Kurudia kwa nini?" mke wangu akauliza. Hakupandisha sauti. Karani akaisogeza kando fomu ya matembezi, ikabaki ya tatu. Hiyo ilikuwa ya mtu aliyeacha kazi na anayepata pensheni kutoka nje kila mwezi. Muda wake ni miaka, si siku, na mume au mke anaingia naye. Mke wangu akatoa ndani ya kitenge chake barua ya masista ya pensheni, imekunjwa mara nne. Karani akaisoma, akafurahi kama mtu aliyepata ufunguo wake.

"Basi njo vile. Mama njo anaomba. Baba anaingia chini yake, à charge."

Kila aliyewahi kupokea mshahara kwetu anayajua maneno hayo. Walio à charge ni wale unaowalisha na kuwavisha: watoto, mama mzee, mpwa asiyeondoka. Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Kulikuwa na jambo jingine. Sheria yetu ya wakati ule ilitaka mke aliyeolewa awe na kibali cha mumewe kwa jambo lolote kubwa, kimeandikwa na kugongwa muhuri kule mnakoishi. Kwa hiyo ilinibidi nirudi Kamina niandike kwamba ninamruhusu mke wangu anichukue mimi.

Mke wangu alipotoka kwenda kunywa maji, nilibaki na fomu. Sitasema kwamba shetani alinishika mkono. Mkono ulikuwa wangu na ulijua njia. Palipotakiwa jina la mwombaji niliandika langu. Palipotakiwa jina la anayetegemea niliandika la kwake. Barua ya masista niliiambatanisha, maana niliona pensheni ya mke ni ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Karani alikuwa na watu kumi na tano nyuma yetu. Akaipokea.

Tukarudi Kamina kungoja. Mke wangu aliuliza kuhusu kile kibali, nikamwambia bado kuna wakati. Aliuliza tena wiki ya pili na ya tatu. Majirani wa kushoto waliondoka na kuku wao, wa kulia wakaondoka wakatuachia mbwa. Stesheni walianza kusema kwamba karibuni treni itabeba askari peke yao. Mke wangu alikuwa amekwisha kuuza cherehani yake, na usiku alilala na viatu karibu na kitanda. Nilimwona, na sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko yaliyofuata.

Fomu ilirudi wiki ya tano, mkononi mwa mfanyakazi wa treni. Maelezo waliyoongeza yalikuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, lakini hayakuhitaji kusomwa. Kalamu nyekundu ilikuwa imekata jina langu na kuchora mshale hadi la kwake.

Mke wangu alikuwa akichambua maharage. Aliiangalia karatasi, akaiangalia tena, akaiweka juu ya ungo.

"Uliniandika chini."

"Ni mazoea, mama."

"Wiki tano, baba. Minyi niko nahesabu treni, weye uko nachunga jina."

"Mji mzima utasema nini?"

"Mji gani? Umebakia mbwa." Akasimama, na maharage yakamwagika, na hakuyaokota, mwanamke ambaye huokota hata punje moja. "Sikia. Bila weye sitaenda. Hiyo uijue. Kama tunakufa hapa, tunakufa babili, weye na minyi, na utaenda kueleza mutoto wako kama tulikufa juu ya mustari."

Aliingia ndani. Ningependelea anitishie kuondoka peke yake. Kitisho hicho ningekijibu. Nilikaa nikiokota maharage. Kisha nikachukua karatasi nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule kwamba mimi, mume, ninamruhusu mke wangu aondoke nchini pamoja na mume wake, ambaye atakuwa à charge yake.

Ofisa wa muhuri alizaliwa mikononi mwa mke wangu, kama nusu ya mji. Aliisoma mara mbili.

"Patron, huyu mume njo weye?"

"Gonga," nikasema.

Tulipata nafasi katika treni iliyokuja baada ya siku sita. Lubumbashi karani alitupa visa siku hiyohiyo, bila neno juu ya mshale wake. Tukaenda mpakani Kasumbalesa na masanduku mawili na kikapu.

Upande wetu, kabla ya kuvuka, askari walikuwa wameweka meza. Wanawake na wazee walipita upesi. Wafanyabiashara waliwekwa kando, hasa wenye asili ya upande wa mashariki, walikotokea waasi: bidhaa unampelekea nani, unamletea nani. Mbele yetu muuza vitenge mmoja, niliyemfahamu kwa sura, alijibu vizuri kila swali, na bado akaambiwa akakae ukutani. Kulikuwa na wengine hapo. Hakuna aliyekuwa akiinuka aende zake.

"Weye, muzee. Kazi?"

Miaka thelathini jibu langu hutoka lenyewe. Nilishafungua mdomo.

"Hana kazi," mke wangu akasema. Alikuwa ameshapita mbele yangu, karatasi mkononi. "Huyu iko à charge yangu. Minyi njo namupatia bukari."

Bukari ni ugali wetu. Askari akasoma visa, akasoma kibali changu chenye muhuri, akaonekana kukifurahia. Kisha akanitazama mimi, si yeye.

"Njo kweli, baba?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nilimtazama muuza vitenge pale ukutani, nikautazama mkono wa mke wangu uliokuwa bado juu ya meza ukingoja karatasi, na nikaogopa kumpoteza kuliko nilivyoona aibu.

"Njo kweli," nikasema. "Yeye njo ananikulisha."

Akamwita mwenzake aje anione. Walicheka vya kutosha, wakatuambia tupite.

Ng'ambo tulikaa kwenye benchi kungoja basi la Ndola. Mke wangu aliweka visa ndani ya kitenge, akakifunga, akakifungua ahakikishe kwamba ipo, akakifunga tena.

"Umekasirika, baba?"

Nilifikiri. Nilitaka kumjibu kama mtu mzima.

"Niko na njala," nikasema.

Akafungua kikapu.