Mto wa Sufi Uliotoka Pangani

Mpaka leo sili mchuzi uliotiwa majani ya giligilani. Watu hudhani ni madeko ya uzee. Kunguni akipondwa hunuka vivyo hivyo, na harufu ile ikinifikia, dada yangu huingia chumbani. Simwoni. Najua tu kwamba ameingia, na sigeuki kutazama.

Nyumba yetu ya Bagamoyo haikuwa na adui ila kunguni. Misafara ikiteremka kutoka bara mji ulijaa wageni, na kila mgeni alikuja na furushi lake. Mama aliwapokea kwa moyo mweupe, akawapa maji na chakula na mahali pa kulala. Furushi ndilo lililokataliwa mlango. Lilikaa uani juu ya mchanga wa moto, likafunguliwa na kukung'utwa pindo kwa pindo, hata likiwa la shehe. Wengine walinuna. Dada yangu, niliyempita kwa miaka michache tu, alimtania kwamba siku malaika watakapomjia atawaambia waweke kwanza mizigo yao juani. Mama alicheka kuliko sisi sote.

Dada alipoolewa Pangani, mama alimshonea mto wa sufi, akaupiga mshono mara mbili ili mdudu asipate pa kupenya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema, na kwake hilo lilikuwa kazi ya mikono kabla ya kuwa msemo. Siku ya harusi wanawake walimwambia bibi arusi kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wao walikusudia ndoa. Mama akauliza kwa dhati kama kitanda cha huko kimekaguliwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Habari ya msiba ilitufikia mwaka ule kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao mjini. Ilikuja imechelewa. Dada alikuwa amekwisha zikwa, na hata khitma ilikuwa imesomwa, mama hayupo.

Tulikwenda kwa miguu, kwa kuwa mama hakupanda chombo. Alisema mbao za vyombo zina nyufa, na kila ufa una wenyewe. Tulikuwa mama, mjomba wetu aliyetusindikiza, na mimi nimembeba mwanangu mchanga mgongoni. Mwaka ule nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani. Saadani tulipokewa na mjane mmoja mwema. Mama, macho yamemvimba kwa kulia, hakuketi. Alitia majani ya kivumbasi, yafukuzayo wadudu, kati ya nguo zetu, akafunga furushi likakaza, kisha akalitundika mbali na ukuta kwa kamba aliyoipaka mafuta ya mbarika, ili kunguni akijaribu kupita anase. Chini yake akamwaga duara la majivu. Nilimtazama nikapandwa na hasira. Mwanawe yu kaburini, naye anapaka kamba mafuta. Sikujua bado kwamba mikono ya mfiwa hutafuta kazi yoyote inayoijua.

Pangani, mama mkwe wa dada alitupokea vizuri. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ya kukauka, akatukalisha kwenye mkeka na kutusimulia. Dada alishikwa na homa, homa ikakataa kutoka. Mwishowe hakuweza hata kujigeuza. Desturi ya nyumba ile, kama nyumba zote za pwani, ilikuwa kukitoa kitanda na kukizamisha baharini kunguni wakizidi, lakini mgonjwa hakuinulika, na kitanda kikabaki.

Mama aliuliza neno moja.

"Walikuwa wakimla?"

Yule mama akainama. "Walimla, mkwe wangu. Nilikuwa nikiwaua kwa vidole hivi. Hawakuisha."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kumchukia. Kisha akalia kilio cha mtu aliyeshindwa kweli, na chuki yangu ikakosa pa kukaa.

Nguo za dada hazikuwapo tena. Nyingine alipewa mwosha maiti, nyingine zilitolewa sadaka, na kitanda kilikuwa kimekwisha tupwa. Ule mto tu ndio ulisalia, umesukumwa pembeni, hapana aliyethubutu kuugusa. Mama akauchukua, akaunusa. Nami nilinusa. Ulikuwa na mafuta ya nazi na asumini, kichwa cha dada yangu kama alivyokuwa akilala kando yangu tulipokuwa wasichana. Mahali mshono ulipoachia palikuwa na mstari mweusi, na mstari ule ulikuwa ukitembea. Mama akaulaza mto shavuni pake.

Mjomba akasema kwa upole kwamba ule ni wa kuchomwa moto. Mama akamtazama.

"Damu ya mwanangu iko wapi tena duniani, kama haimo ndani ya hawa?"

Mjomba akaenda kufunga mizigo yetu.

Safari ya kurudi alifanya yale yale, ila kinyume chake. Kivumbasi alikitupa. Aliufunga mto ndani ya nguo mbili, akakaza kila fundo, akapaka kamba mafuta ya mbarika, na pale Saadani akautundika na kuuzungushia majivu. Mjane alimsifu kwa uangalifu wake. Hakujua kwamba safari hii mama hakuwa akiwazuia wasiingie, bali wasitoke, asije akapotea hata mmoja.

Nyumbani aliuweka mto kitandani pake. Mwanamke aliyekataza furushi la shehe alivusha ule mto mlangoni kwa mikono yake mwenyewe, jua linawaka na mchanga uko pale pale. Kunguni hawakuchelewa. Walishika kamba za vitanda, wakashika boriti, na wageni wakaanza kutafuta malazi kwingine. Mama alitambaliwa asijikune. Kila asubuhi aliyatazama mapele ya mikono yake kama mtu aliyeletewa salamu.

Nami nyumba ile nikaanza kuiogopa. Nikipita mchana mbele ya chumba chake nilimsikia akizungumza, na akinyamaza, ananyamaza kwa muda wa mtu kujibiwa. Siku moja nilimwona kunguni ukutani, amevimba, mwekundu. Nikainua kidole nimponde. Kidole kikakataa. Nilisimama pale na kidole hewani, nami mtu mzima mwenye akili zangu, nikihofia kumwumiza dada yangu.

Kisha wakamshika mwanangu. Shingo ilimvimba, jicho moja likafumba, naye akalia mpaka sauti ikamkauka. Hapo hofu yangu ikabadilika. Kama mto ule ungebaki, mimi ningehamia kwa mjomba, kwake Mapinga, pamoja na mtoto wangu, na mama angebaki na kunguni wake, amefiwa na binti mmoja na kuachwa na wa pili. Sikumwambia lolote katika hayo. Nilimvua mtoto nguo, nikampakatisha mama.

Mama alipitisha kidole juu ya kila pele, taratibu, moja baada ya jingine, tangu shingoni hata nyayoni. Halafu akanirudishia mtoto, akaenda kuteka maji.

Jua lilipokuwa utosini aliinjika sufuria kubwa uani. Akatandika mchangani kipande cha bafta nyeupe, ile tunayokatia sanda, akaketi nayo. Akaufumua mto kwa kisu, akitoa uzi alioupiga mwenyewe. Kunguni walitoka wakikimbia joto, naye akawaokota na kuwaponda juu ya bafta, kila mmoja mahali pake, mpaka nguo ikajaa madoa mekundu. Harufu ya giligilani ikajaa ua wote. Alipomaliza akaikunja bafta kama inavyokunjwa sanda, akachimba chini ya mti wa asumini.

Nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni damu yetu. Ni ya mtoto huyu. Ya dada imekwisha zamani."

"Najua," akasema. Alikuwa akifukia. "Lakini walianza kwake."

Akasoma Fatiha. Nami nikainua mikono pamoja naye, nikalia kama nisivyopata kulia Pangani.

Sufi aliitupa motoni, ikabaki foronya. Mama aliishika kidogo, kisha akaitumbukiza katika maji yanayochemka, akaishindilia kwa mwiko. Mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ikapanda harufu ya nazi na asumini, yote kwa mara moja, nzito kuliko ilivyokuwa ndani ya mto ule. Dada yangu alikuwa pale uani. Mama akainama juu ya sufuria, akaita jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Tukangoja. Mvuke ukapungua, na maji yakawa yananuka nguo tu. Mwanangu akaanza kulia, nikaenda kivulini kumnyonyesha.