Makunyanzi ya Bibi

Msanifu wa mabango hakuwa akipeleka sura ya mtu kwa mchapaji kabla mtu huyo mwenyewe hajaiona kwenye karatasi. Mwenzake ofisini alimkemea: "Dada, maonyesho ya vikapu ni kesho, na zamu yetu ya kuchapa mtamboni inapita!" Msanifu alisugua ukingo wa rasimu ya bango kwa kidole gumba, kama kawaida yake, akaenda kwa bibi msusi wa vikapu, ambaye sura yake ilikuwa kwenye bango. Bibi alivaa miwani, akacheka. "Mjukuu wangu, binti huyu ni nani? Makunyanzi yangu umeyapeleka wapi?" Msanifu alirudi kuyarejesha, mstari kwa mstari. Bibi alipoonyeshwa tena alisema, "Haya, sasa ndiye mimi," na msanifu akashusha pumzi. Bango lilitoka siku mbili baada ya ufunguzi wa maonyesho, na siku ya ufunguzi walikuja watu tisa tu.