Nilivyombeba Mama Mukwe Kwa Sheria Yangu Mwenyewe

Bon, nitawaambia, lakini musinikatize katikati, kwa sababu nikisimama sitaweza kuendelea. Pale kivuko cha Nchelenge kuna wamama wanaouza chisense, samaki wale wadogo wa kukausha, na mpaka leo wakiniona nakuja wanageuza uso, si kwa kunichukia, ni kwa kunihurumia, na huruma yao inaniuma kuliko kama wangenitukana.

Mimi natengeneza telefone hapa sokoni. Tulivuka kutoka Kongo nikingali mutoto, nikakulia huku, kwenye kambi ya wakimbizi, nikaoa huku Fifi, binti ya watu wa Pweto, kule Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mama yake hakuikubali ndoa, hakuja harusini. Mutoto wetu alipozaliwa, hakuja. Halafu juzi juzi akatuma habari kwamba anavuka ziwa, anataka kuona mujukuu wake na huyo mwanaume, na Fifi akafagia nyumba mpaka udongo ukataka kuisha.

Sasa, kazi ya telefone, mikono ina shughuli lakini masikio yako bure, na mimi nilikuwa nimezoea kusikiliza masomo ya filozofia kwa Kifaransa, profesa mumoja mwenye sauti tamu, akieleza kwamba kuna namna ya mutu asiyepokea mema na mabaya kutoka kwa mababu, wala kanisa, wala majirani, anajitungia yeye mwenyewe, anasema hiki kwangu ni chema, basi kinakuwa chema. Profesa akauliza kama mutu wa namna hiyo yuko kweli kati ya watu wa leo. (Hakujibu. Mtandao ulikatika.) Basi nikajibu mimi. Nikamwambia rafiki yangu Mulenga, Mubemba anayeuza taa za sola meza ya pembeni yangu, kwamba mutu huyo yuko, na anaitwa Dédé.

Mulenga hakucheka. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake kile cha soko, "Kesho mama mukwe yako anafika. Utamusalimia namna gani?"

Hapo alinishika. Kwetu, na kwao Wabemba ni hivyo hivyo, mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mukwe wake. Hamugusi, hali naye, wakikutana njiani mumoja anaingia majanini. Si ugomvi, ni heshima, na kila mutu huku ameikuta heshima hiyo imeshatengenezwa.

"Nitamupa mukono," nikasema. "Hiyo haya ni ya mababu. Mimi sikuitunga."

Mukono tu, jamani. Kama ningebaki kwenye mukono, leo tusingekuwa tunaongea.

Kesho yake boti ikafika, upepo ukiwa mukali, maji yakiwa machafu ya mawimbi, na kama kawaida ikasimama mbali kidogo kwa sababu pale maji ni mafupi, wakaingia wabebaji kuwachukua abiria mugongoni. Nilimuona mama mukwe nyuma kabisa, namujua kwa picha tu, mama munene kidogo, kitenge kipya, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu kama taji, mufuko kwenye mapaja. Fifi alikuwa karibu na meza za samaki na mutoto, Mulenga kando yangu, soko lote limejaa. Mubebaji mumoja akaanza kumusogelea mama, na mimi nikawaza (naapa, niliwaza hivi hivi, kwa Kifaransa) kwamba kupeana mukono ni kitu kidogo, na mutu mwenye kujitungia sheria haanzi na kitu kidogo.

Nikaingia majini na viatu. Nikamusukuma mubebaji, nikamupa mama mugongo, nikasema, "Karibu, Mama. Mimi njo Dédé, bwana ya Fifi. Panda."

Alijifunika uso kwa mikono miwili. "Ondoka," akasema. "We kijana, ondoka, batu banaona."

"Batu si kitu, Mama."

Angekataa mpaka jioni, lakini mwenye boti alikuwa na haraka, hakuelewa chochote, akamushika mabega akamutelemsha, na uzito wote wa mama mukwe wangu ukaniangukia mugongoni, mikono yake shingoni mwangu, pumzi yake sikioni mwangu. Hapo mwili wangu ukashituka kama nimeshika waya wa umeme. Nikapiga hatua, mguu ukaingia ndani ya wavu wa mutu, tukaenda chini wote wawili.

Tulipoibuka, kitambaa chake kilikuwa kinaelea mbali, kichwa kiko wazi, mvi zimelala kwenye paji la uso, na kitenge amekishika kwa ngumi. Nilingoja watu wacheke. Hakuna aliyecheka. Muuza samaki mumoja akafunika macho ya mutoto wake.

Na mimi nilifanya nini? Hii njo inanishangaza mpaka leo. Nilipiga magoti ndani ya maji, nikageuza uso pembeni, nikaanza kupiga makofi ya heshima polepole kama mukwe wa zamani kabisa, na kinywa changu, bila kuniuliza, kikasema, "Mulenga, mwambie mama naomba radhi. Mwambie kitambaa chake kiko kule." Mama yuko karibu ningeweza kumushika, naye ananisikia, lakini siwezi kumwambia neno moja usoni. Nilimutafuta ndani yangu yule mutu mwenye kujitungia mema na mabaya, nikamukosa.

"Bamayo," Mulenga akamwambia mama, kwa heshima ya Kibemba, naye amejaa woga, "anasema pole."

Mama akakaza kitenge chake. "Mwambie nimesikia," akasema, bila kunitazama. "Na umuulize: alinibeba kwa ajili yangu mimi, ao kwa ajili yake yeye?"

Mulenga akanigeukia. Akarudia swali neno kwa neno. Maji yalikuwa yananipiga kifuani.

Mama alilala kwa mama mumoja wa kanisa, hakukanyaga nyumba iliyofagiliwa. Fifi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Sheria ulitunga wewe, lakini haya nabeba mimi," akaenda kuanika nguo za mama yake. Nikapeleka kuku na kitenge kwa mukono wa Mulenga, na siku zikapita nikiwa napitia nyuma ya maduka.

Halafu, siku mama anarudi Pweto, Fifi alikuja kazini kwangu, akakaa.

"Mama anakubali ndoa," akasema.

Nilifikiri anatania. Bisibisi ilinianguka.

"Anasema batu balimwambia nimeoleka na mutu hana haya, mutu wa kukulia kambini. Sasa ameona kwa macho yake ulivyopiga magoti na kugeuza uso, haya unayo."

Basi ndiyo hivyo. Profesa wangu nimemufuta kwenye telefone. Mutu akiniuliza kama huyo mwenye kujitungia mema na mabaya yuko kati ya watu wa leo, namwambia pengine yuko, dunia ni kubwa, lakini si mimi, na kama ni wewe, tafazali, siku ya kujaribu usibebe mama wa mutu.